Ukindu Mwekundu

Harufu ya iliki, kwa watu wengine, ni harufu ya sikukuu. Ukimtajia mtu wa kwetu iliki atakuambia chai ya asubuhi ya Idi, atakuambia pilau, atakuambia kaimati za shangazi yake. Mimi nikiisikia nakumbuka dawa. Nyumbani kwetu Tongoni, mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, iliki ilikaa katika kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga, na chini ya iliki, ndani ya pamba, vilikaa vidonge vya mama. Pamba ilikuwa ya kuvinyamazisha. Vidonge vile vilitoka hospitali katika kichupa cha plastiki, na kichupa chenyewe ukikitikisa kidogo tu kinalia kama kayamba, na kila mwanamke wa kijijini alishaijua sauti hiyo ni ya nini. Basi mama akirudi kutoka kliniki alivimimina kwenye pamba akiwa bado njiani, akakitupa kichupa vichakani, ndipo akaingia kijijini huku akisalimia watu kama aliyetoka kununua vitunguu. Nyumbani akavizika chini ya iliki. Vikanuka iliki, na sisi tukazoea kwamba dawa ya mama inanuka sikukuu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watu wa nyumbani walisema ni malaria iliyopanda kichwani, na waliokuja kuzika nao wakasema hivyo hivyo, kisha wakaenda kusema jingine barabarani. Mama alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na alipotoka alikuwa amekonda hata kanga ikimzunguka mara mbili. Akaenda mjini, akapimwa, akarudi na vidonge. Zahanati ya jirani aliikwepa, maana siku ya dawa foleni yake ilikaa uani kweupe, na mtu aliyetaka kujua habari za wenzake hakuwa na haja ya kuuliza, alipita tu na ndoo yake ya maji akihesabu nyuso. Huko mjini nako alionekana. Nani alimwona sijui, na ningemjua nisingemtaja, lakini kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama habari ilishafika. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inaniudhi hadi leo. Walioitunga hawakutuambia mtu akishayafichua maradhi yake atakula na nani.

Nasema kula, kwa sababu kwetu mambo yote yanapitia kwenye sahani. Mwezi wa Ramadhani, jua likianza kulainika, watoto hujaa njiani na sahani zilizofunikwa kwa kawa, kila mmoja katumwa kwa jirani. Mlichopika nyinyi kionje nyumba ya pili, walichopika wao mkionje nyinyi. Na sahani ikienda na kitu hairudi tupu. Mtu akirudisha sahani tupu ni kama kakutemea mate mlangoni. Bibi yangu, mama mzazi wa mama, ndiye aliyekuwa akisuka kawa za nusu ya kijiji. Alikaa barazani na mafungu yake ya ukindu, mengine meupe, mengine kayachemsha katika rangi nyekundu na ya zambarau, vidole vyake vikienda bila yeye kuvitazama. Mama naye sifa yake ilikuwa mkate wa kumimina. Mchele aliulowesha tangu asubuhi, akausaga na tui zito, akatia hamira na iliki, akaumimina katika sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko, na ulipoiva nyumba nzima ilinukia mpaka sisi tuliofunga tukatoka nje kuiokoa saumu. Mkate ule ulikuwa na matundumatundu kama sega la asali. Jirani yetu Mama Saidi, rafiki wa mama tangu wote wawili ni wasichana, alikuwa akisema akifa kabla ya kuula atarudi kuudai.

Lakini kabla sijafika kwa Mama Saidi lazima niseme ya nyumbani kwetu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Wiki ile mama alipotoka mjini na vidonge, bibi alichukua kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, akakifunga ukindu mwekundu kwenye mkono wa kukishikia, mafundo mawili. Akasema, “Hiki cha mama yenu. Msije mkachanganya.” Bibi yule yule ndiye aliyekuwa akimkanda mama miguu, akimpikia mchuzi wa kuku wake wa mwisho, akimwombea kila baada ya sala. Alimpenda mwanawe, wallahi alimpenda. Wala hatukuwa wajinga: redio ilisema kila siku kwamba maradhi haya hayapiti kwenye kikombe wala kwenye sahani, na nesi wa zahanati aliwahi kusimama uwanjani mwa shule akatuambia hayo hayo. Tulijua. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba tulijua, na bado mkono wangu ukifika kwenye kile kikombe ulijirudi wenyewe. Mama alikitazama kikombe kilivyofungwa, akakichukua, akanywea maji. Tangu siku hiyo sikumwona akinywea kingine.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nilitumwa kwa Mama Saidi na sahani ya mkate, vipande sita, kawa juu. Nikabisha hodi, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, lakini hakuinuka. Akaniambia, “Kamwambie mama ahsante, leo tumepika vingi.” Nikarudi na mkate wangu. Siku ya pili aliipokea sahani, akaingia nayo ndani, akanirudishia tupu, imeoshwa, inanuka ile dawa kali ya kufulia nguo nyeupe. Mama aliipokea mlangoni, akainusa. Aliiweka chini taratibu, akakaa juu ya kibao cha kukunia nazi, akashika kifuu mkononi, akabaki hivyo hivyo, mkono haukuni, mpaka adhana ya magharibi ikapita na bibi akamfungulisha kwa kumtilia tende mdomoni. Siku ya tatu nikafanya jambo ambalo mtoto hapaswi kulifanya: baada ya kumkabidhi Mama Saidi sahani nikazunguka nyuma ya nyumba nikachungulia kwenye ua wa makuti. Nikamwona anamwagia kuku. Kuku wakaurukia mkate wa mama yangu, na yeye anawaambia, “Kuleni nyie, nyie hamna ukimwi.” Akacheka, wala hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesema kichekesho kizuri. Kwa kicheko kile nilimchukia, na nilikuwa na miaka kumi.

Nikaamua kwamba mama hatainusa tena sahani. Kuanzia siku ya nne nikitumwa kwa Mama Saidi sikufika kwa Mama Saidi. Nilikata njia ya magofuni, nikakaa nyuma ya ukuta wa mawe, nikawapa mkate mbuzi wa Mzee Kombo, na kipande kimoja nikakificha cha kwangu nikisubiri adhana. Mbuzi wale walinenepa mwezi ule kuliko mwezi wowote wa maisha yao. Kisha sahani nikaifuta kwa upindo wa kanga, na kwa kuwa hairudi tupu, ilibidi nipate cha kutia. Siku moja kungu, siku nyingine tende tatu nilizochukua kwenye sinia la msikitini, Mungu anisamehe, lakini mara nyingi mapera, maana njia ya shuleni ilikuwa na mpera usio na mwenyewe. Nikafika nyumbani nikasema, “Mama Saidi anakushukuru sana. Kasema leo umepita kiasi.” Nikavifunika vizuri kwa kawa na kumkabidhi kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Ungemwona mama! Siku ya kwanza aliyatazama mapera yale kama kaletewa barua. Akauliza, “Kasema hivyo?” Nikasema kasema hivyo. Akala pera moja zima, yeye ambaye wiki nzima alikuwa akionja na kusukuma sahani pembeni. Siku zilizofuata akaanza kujishughulisha. Akanituma nazi mbili badala ya moja, akasuka nywele, akamgombeza bibi kwa kuacha majivu jikoni, na mimi nikafurahi kusikia kugombezwa. Vidonge, ambavyo mwanzoni bibi alikuwa akimbembeleza avimeze, sasa alivimeza mwenyewe akishafuturu, anafungua kopo, anasukuma iliki kwa kidole, anameza, anafunika. Nilielewa, kwa akili yangu ya mtoto, kwamba mama hanywi dawa kwa sababu anataka kupona. Anakunywa kwa sababu kuna mtu nje bado anakula cha mkono wake. Basi nikaogopa. Kila siku ilinibidi niununue uhai wa mama yangu kwa uongo, na kila siku mapera yalizidi kwisha mtini.

Kaka yangu Bakari hakuwa na uongo wa kujikinga nao. Alikuwa na miaka kumi na minne, na huko chuo cha Kurani wenzake walimwambia mamake kakanyaga miwaya, kaukwaa ukimwi. Alipigana mara ya kwanza, akapigana mara ya pili, mara ya tatu maalimu akamwambia akae nyumbani mpaka sikukuu ipite. Akakaa. Akaacha kula sinia moja na sisi. Alijitilia chake katika bakuli akaenda kula peke yake nyuma ya choo, mahali ambapo hata kuku hawali. Mara kwa mara nilimkuta na kipande cha kioo, katoa ulimi, anautazama. Au kafunua shati anahesabu vipele vya joto. Nilimuuliza anatafuta nini, akanifukuza kwa kokoto. Mama alimwona, akajifunika kanga usoni akaingia ndani. Watu wanne ndani ya nyumba moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake, jamani, naogopa.

Nilifumaniwa katika kumi la mwisho. Alasiri moja mama alioga, akavaa kanga mpya aliyokuwa ameitunza, akaoka mkate mkubwa kuliko yote, akaniambia, “Rukia, leo twende pamoja. Mtu akushukuru mwezi mzima ukakaa ndani kama mwali?” Nikasema naumwa, nikasema Mama Saidi kaenda Kigombe kwa dada yake, nikasema mvua inakuja, na juu mbingu nyeupe. Hakunisikia. Tulitoka, mimi nimebeba sahani, na nakumbuka alivyotembea, hatua ndefu, akiwasalimia hata waliogeuza uso. Mama Saidi alikuwa mlangoni kwake anapepeta mchele. Alipotuona alisimama akauziba mlango.

Mama akamwambia, “Nimekuja kukushukuru kwa mapera, shoga yangu.”

“Mapera gani, Mama Bakari? Kwangu kuna mpera?” Akanitazama mimi, akaitazama sahani, akaelewa kabla ya mama. “Mimi mtoto wako sijamwona tangu mwezi mchanga. Na usinione mbaya, lakini nina wajukuu hapa. Hiyo sahani nenda nayo.”

Mama aliguna tu. Akageuka. Njia nzima hakunipiga, hakuniuliza, hakunitazama, na ningempa kila nilichonacho anichape hapo hapo njiani. Alipofika nyumbani aliivua ile kanga mpya, akaikunja, akairudisha sandukuni, akalala akielekea ukutani. Bibi akamletea futari, hakula. Akamletea kopo la iliki, akalisukuma kwa mkono wa nyuma. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Bibi alilia, akamsomea dua, akamkemea, akamwambia una watoto, mwanangu. Mama akajibu mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Watoto wanajua kutafuta mapera.”

Siku ya nne, magharibi, mimi na bibi tumekaa jamvini, uji wa pilipili manga umemiminwa, cha mama kimemiminwa katika kikombe chenye ukindu mwekundu na kuwekwa karibu na ukuta alikolala. Adhana ikalia. Bibi akanyoosha mkono kwenye tende. Mimi nikainuka, nikaenda ukutani, nikakichukua kile kikombe, nikanywa. Uji ulikuwa moto ukaniunguza ulimi, nikaendelea. Bibi alipiga ukelele, “Mtume!” Mama akainuka kwa nguvu ambazo hatukujua anazo, akakipiga kikombe kikaruka, kisha akanizaba kibao cha uso, cha kwanza na cha mwisho maishani mwangu. “Unataka kufa?” alinipigia kelele. “Unataka kufa wewe?”

Na mimi nikamjibu, mdomo unatoka damu na uji, “Nataka! Usipomeza dawa nitakunywea humu kila siku, tufe wote.”

Bakari aliyekuwa nje na bakuli lake alisimama mlangoni. Mama akaketi, akalia, kilio cha sauti, kile ambacho hakukilia hata baba alipozikwa. Alipomaliza akasema, “Lete kopo.” Nikamletea. Akasukuma iliki, akatoa vidonge, akameza, akasema nimemeza, kikombe changu usikiguse tena maishani. Nikaapa. Bibi akakiokota kikombe, akakiosha, akakagua ukindu kama haujalegea, akakirudisha mahali pake. Tulifuturu. Mimi nikajiona shujaa, nimemponya mama yangu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilimponya kwa kitu gani.

Leo mimi naishi Tanga mjini, nina binti wa miaka saba, na mama yu hai, alhamdulillahi, kanenepa hata magoti yanamlalamikia. Dawa zenyewe siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Daktari kamwambia mbele yangu kwamba virusi havionekani tena kwenye kipimo, kwamba hawezi kumwambukiza mtu. Mama Saidi anakula mkate wa mama na kuongeza, anatuma mjukuu wake kuja kuuliza mbona leo sahani imechelewa, na akikaa barazani anacheka kicheko kile kile. Hajaomba radhi. Hakumbuki, au anakumbuka na ameona haina haja, na mama anasema niyaache, yamepita. Yamepita wapi? Bakari anafanya kazi shamba la mkonge upande wa Mwera, kapita miaka thelathini, hajaoa. Kila baada ya miezi michache anakwenda kupima, anaambiwa hana kitu, anarudi tena kupima. Ukimkaribisha chakula anasema kashakula. Nilimshauri aende kuzungumza na mtu hospitali, wapo wanaosikiliza watu mambo ya moyoni, akaniuliza kama namwona mwendawazimu. Nimechoka, nasema kweli. Maradhi yenyewe tumeyapatia kidonge, na haya mengine kila mtu anatuambia tumshukuru Mungu.

Ramadhani iliyopita nilikwenda Tongoni na binti yangu. Bibi ameshafariki, vile vikombe vya bati vimeshapitwa na wakati, mama anatumia vya udongo vyenye maua. Kimoja kimefungwa ukindu mwekundu kwenye mkono wa kukishikia. Kila kikivunjika anafunga kingine. Ukindu ananunua sokoni kwa wasusi. Tulipofuturu, binti yangu kwa kiu akakivamia kilichokuwa karibu. Mama aliruka, na magoti yake yale, akakipokonya, uji ukamwagikia mtoto kifuani. “Unataka kufa?” Mtoto akaanza kulia bila kujua kafanya nini. Mimi hasira ikanipanda mpaka macho yakaingia giza. Nikaingia jikoni nikachukua kisu, nikaukata ule ukindu, nikautupa jikoni motoni mbele ya macho yake. Hakunizuia.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye ngazi ya uani, kikombe mapajani, amepata unyuzi mwekundu kwenye kawa ya zamani ya bibi, ameufumua, anaufunga. Mafundo mawili. Nikakaa ngazi ya chini yake. Nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa inapanda tena, “Mama, daktari kakwambia, redio imekwambia, mimi nimekwambia mara ngapi. Nani aliyekwambia mpaka leo kwamba kikombe hiki kinaua?”

Akaukaza ukindu kwa meno, akaukata uliobaki.

“Wewe,” akasema. “Siku ile ulipokinywea, ukasema tufe wote. Nikameza kwa ajili yako.”

Kisha akaingia jikoni, akakiweka kikombe chake mahali pake, mbali na vyetu.